Uvimbe wa Mfupa Mguuni au Mkononi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Upasuaji kwa Familia za Tanga

Familia nyingi za Tanga humfikisha mgonjwa kwa daktari bingwa wa mifupa wakati uvimbe umeshachuliwa, umeshachanjwa chale, na mara nyingine umeshapasuliwa ili kutoa usaha ambao haukuwepo. Wengine hufika mapema, lakini wakishasikia neno "kukata" husaini karatasi na kuondoka wodini, kisha hurudi baada ya miezi mgonjwa akiwa anakohoa. Makosa ni yale yale kutoka Mkinga hadi Pangani, na karibu yote hutokea kabla ya mtu kuingia chumba cha upasuaji. Huko nje ndiko mguu unakookolewa au kupotea, na ndiyo maana hatua za mwanzo nimezieleza kwa urefu.

Ninazungumzia saratani iliyoanzia kwenye mfupa wenyewe. Aina tatu hukutwa zaidi. Osteosarkoma huwapata hasa watoto wakubwa na vijana, mara nyingi karibu na goti. Sarkoma ya Ewing huwapata pia watoto na vijana. Kondrosarkoma huwapata zaidi watu wazima. Saratani iliyotoka kwenye titi au tezi dume ikahamia mfupani ni ugonjwa mwingine, na kwa mtu aliyepita miaka 40 hiyo ndiyo hufikiriwa kwanza. Upasuaji wake mara nyingi ni wa kuuimarisha mfupa usivunjike. Msichanganye haya mawili. Chuma kinachomsaidia bibi mwenye saratani ya titi, kikipigiliwa ndani ya mfupa wa kijana mwenye osteosarkoma, husambaza ugonjwa kuanzia juu ya mfupa hadi chini.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka nyumbani

- Picha zote za eksirei, hata ya zamani iliyosemwa "haina kitu". Maelezo ya maandishi peke yake hayatoshi, daktari wa upasuaji anataka kuiona picha yenyewe. Kama hospitali hutoa kwenye diski, chukua diski.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima kama ipo, na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
- Daftari moja la kuandikia tarehe, dawa, majibu na maswali. Daftari hili litadumu miaka, basi nunua lenye jalada gumu.
- Magongo ya urefu unaomfaa mgonjwa.
- Watu watatu au wanne wenye afya walio tayari kuchangia damu.
- Watu wawili wa kusafiri naye: mmoja wa kulala naye hospitali, mwingine mwenye kauli katika familia.

Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mama anakaa wodini na mtoto, daktari anaeleza, mama anaelewa, kisha anasema hawezi kusaini mpaka baba mkubwa aliyeko Handeni aulizwe. Baba mkubwa hakuziona picha, hakumsikia daktari, na kwa simu anachosikia ni neno moja tu. Mwenye kauli awepo chumbani tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Ulinde uvimbe usiguswe

Dalili ya kushika ni maumivu ya mfupa yanayoamsha usiku na yasiyotulia kwa kupumzika, yakifuatwa na uvimbe mgumu juu ya goti, chini ya goti au begani. Mara nyingi husimuliwa kisa cha kuanguka: "aliteleza akicheza mpira". Kuanguka hakuleti saratani. Humfanya mtu aangalie mahali ambapo uvimbe ulikuwa umeshaanza.

Usichue. Si kwa mafuta ya nyonyo, si kwa mafuta ya karafuu, wala kwa kukanda na maji ya chumvi. Uvimbe wa saratani una mishipa mingi ya damu, na kuukandamiza huuvujisha ndani kwa ndani na kuweza kusukuma mbegu zake kwenye nyama za jirani. Usichanje chale juu yake na usipeleke kwa mzee wa kuunga mifupa akaufunge kwa vijiti. Dua isomwe, na mwenye kunywa kombe anywe, maana hayo hayaugusi uvimbe. Kinachouharibu mguu ni mkono, wembe na kamba.

Mgonjwa atumie magongo kuanzia sasa, hata kama anaweza kutembea. Mfupa ulioliwa huvunjika kwa jambo dogo tu, kama kushuka ngazi ya daladala. Ukivunjika, damu yenye mbegu za ugonjwa humwagika kwenye nyama, na nafasi ya kuuokoa mguu hupungua.

Umefaulu ikiwa: ngozi juu ya uvimbe haina kovu wala jeraha jipya, na mgonjwa hakanyagii mguu huo.

## Hatua ya 2: Eksirei sahihi

Nenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uombe eksirei ya pande mbili, mbele na ubavuni. Picha ionyeshe kiungo kilicho juu na kilicho chini ya uvimbe: kama tatizo liko kwenye paja, nyonga na goti vyote vionekane. Picha iliyokatia katikati ya mfupa huficha urefu wa ugonjwa.

Daktari hutafuta mahali mfupa ulipoliwa, mfupa mpya usio na mpangilio, miale inayotoka nje ya mfupa, na ngozi ya mfupa iliyoinuliwa kwa pembe. Ukiona amenyamaza na kuiinua picha kwenye mwanga mara ya pili, muulize kwa upole: "Daktari, unaona nini?" Ana wajibu wa kukuambia.

Wapo wanaoambiwa ni "maumivu ya kukua" bila kupigwa picha. Maumivu ya usiku ya upande mmoja tu, yanayorudi kila siku, yanahitaji picha. Kwa watoto wenye selimundu, na kwa wenye maambukizi ya mfupa, mguu huvimba na kuuma vilevile, kwa hiyo msikate tamaa kabla ya majibu. Lakini msikubali pia dawa za kuua bakteria kozi baada ya kozi huku uvimbe unakua.

## Hatua ya 3: Rufaa, kabla ya kisu chochote

Kutoka Tanga kuna njia mbili za kawaida, na zote hupita Segera. Kushoto ni Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kulia ni Moshi, iliko hospitali ya rufaa ya KCMC. Chagueni pamoja na daktari wa Bombo, mkiangalia wapi kuna nafasi na wapi mna ndugu wa kuwapokea. Matibabu haya huchukua miezi, kwa hiyo mahali pa kulala pana uzito kuliko tofauti ya nauli.

Kabla ya kuondoka, sema wazi: "Shikamoo daktari. Tunaomba kinyama kisichukuliwe hapa, kichukuliwe huko atakakofanyiwa upasuaji." Hakuna utovu wa adabu hapo. Kinyama ni kipande cha uvimbe cha kupimwa, na sababu ya ombi hili iko hatua ya 5.

Kama fedha hazipo, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ile ile ya kufika, si baada ya deni kukua. Kwa mtoto, uliza kuhusu Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na kitengo cha saratani za watoto Muhimbili.

Umefaulu ikiwa: una barua yenye jina la kitengo unachokwenda, picha mkononi, na ngozi bado nzima.

## Hatua ya 4: Vipimo vya kuuchora ugonjwa wote

Vinahitajika viwili vikubwa. Cha kwanza ni MRI, picha ya sumaku inayoonyesha nyama na ndani ya mfupa, ya mfupa mzima, si ya uvimbe peke yake, kwa kuwa osteosarkoma huweza kuruka na kuacha kipande kingine cha ugonjwa juu zaidi kwenye mfupa huo huo. Cha pili ni CT ya kifua, eksirei ya kompyuta inayopiga vipande vipande, maana mapafu ndiyo mahali ambapo saratani hizi hupenda kwenda kwanza. Hospitali yenye kipimo cha nyuklia cha mifupa yote itakiongeza. Damu hupimwa pia: wingi wake, figo, ini, na kimeng'enya cha alkalini fosfatezi ambacho hupanda mfupa unapotengenezwa kwa kasi.

MRI ifanywe kabla ya kinyama. Sindano huacha damu na uvimbe mdogo, na baadaye daktari hawezi kutofautisha ugonjwa na jeraha la kipimo.

## Hatua ya 5: Kinyama, mahali ambapo mguu hupotea bila mtu kujua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna hatua iliyowagharimu watu viungo kama hii.

Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa ili mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini. Bila hicho hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni saratani, wala ni aina gani. Tatizo ni kwamba njia yote ambayo sindano au kisu kimepita huhesabiwa kuwa imeguswa na ugonjwa. Siku ya upasuaji mkubwa, daktari lazima aitoe njia hiyo pamoja na uvimbe, kuanzia ngozi hadi mfupani. Kama njia ilipita mahali pabaya, karibu na mshipa mkubwa wa damu, ndani ya goti au kwa kukatiza misuli miwili, nyama ya kutupwa huwa nyingi mno, na mguu uliokuwa wa kuokolewa huishia kukatwa.

Kwa hiyo mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, achukue yule atakayefanya upasuaji wa mwisho, au mwingine kwa maelekezo yake. Yeye ndiye anayejua atapitia wapi.

Pili, mara nyingi sindano nene hutosha. Kama ni lazima kukata, mkato uwe mfupi na uelekee urefu wa mguu au mkono. Mkato wa kukingama, unaouzunguka mguu kama bangili, ni kosa.

Tatu, damu izuiwe vizuri. Mpira wa kutolea damu ukiwekwa, utokee karibu kabisa na mkato, kwenye mstari huo huo.

Nne, nyama ipelekwe patholojia na sehemu yake ioteshwe maabara kutafuta vijidudu. Sarkoma ya Ewing huweza kutoa kitu kinachofanana na usaha, na maambukizi ya mfupa huweza kufanana na saratani. Kama umeambiwa kilichotoka ni usaha, uliza kama kimepelekwa pia patholojia.

Majibu huchukua muda, wiki kadhaa mara nyingine. Chukua namba ya kipimo, iandike daftarini, na ulizia kwa namba hiyo. Usiondoke kurudi Tanga kusubiria nyumbani bila tarehe ya kurudi.

Umefaulu ikiwa: kuna kovu moja dogo, limeandikwa kwenye faili lilipo, na jibu linataja jina la ugonjwa na daraja lake.

## Hatua ya 6: Kemo kwanza, kisha kisu

Kwa osteosarkoma na sarkoma ya Ewing, dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua mbegu za saratani, hutangulia upasuaji. Familia nyingi hushtuka: "Mbona hawautoi sasa hivi?" Sababu ni kwamba wagonjwa wengi, siku wanapogunduliwa, wana mbegu ndogo mapafuni ambazo hakuna picha inayoziona. Zamani watu walikatwa mguu peke yake, na karibu wanne kati ya watano walifariki kwa ugonjwa wa mapafu ingawa jeraha lilipona vizuri. Kemo huzifuata mbegu hizo, na huku chini huufanya uvimbe ujikusanye na kuwa rahisi kutolewa.

Kwa osteosarkoma, dawa za msingi ni sisiplatini na doksorubisini. Penye maabara ya kupima kiwango chake kwenye damu huongezwa methotreksati ya dozi kubwa. Awamu ya kwanza huwa ya wiki kama 10. Moyo hupimwa kwa sababu ya doksorubisini, na figo na masikio kwa sababu ya sisiplatini. Kondrosarkoma ya kawaida haisikii kemo, hivyo mwenye hiyo huenda moja kwa moja kwenye upasuaji.

Dawa za miti shamba zisichanganywe na dripu hizi. Ini na figo zinafanya kazi ya kutoa sumu, ukiziongezea mzigo dozi hukatishwa. Na joto la mwili likipanda kufikia 38 mgonjwa akiwa kwenye kemo, ni hospitali usiku huo huo, hata kama ni saa nane za usiku. Kinga yake iko chini, maambukizi madogo huua.

Kuna mtego hapa. Baada ya mzunguko wa kwanza au wa pili maumivu hupungua sana, mtoto anacheka, anataka kukimbia. Familia husema amepona, wanarudi nyumbani. Ugonjwa haujatoka. Ugonjwa ukirudi baadaye mara nyingi hausikii tena dawa zile zile.

## Hatua ya 7: Kuchagua upasuaji

MRI hurudiwa baada ya kemo, kisha mnakaa na daktari. Lengo la upasuaji wa aina yoyote ni moja: kuutoa uvimbe mzima bila kuufungua, umefunikwa na nyama yenye afya pande zote, kama nazi isiyofuliwa ambayo huoni kifuu chake. Mfupa hukatwa sentimita 2 hadi 3 kupita mahali MRI inapoonyesha mwisho wa ugonjwa. Hayo yakitimia, aliyeokolewa mguu na aliyekatwa wana nafasi sawa ya kuishi. Yasipotimia, mguu uliookolewa huurudisha ugonjwa pale pale.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "mtamkata au hamtamkata?" Ulizeni hivi: Kingo zitakuwa safi mkiuacha mguu? Mishipa mikubwa ya fahamu na ya damu iko huru? Mguu utakaobaki utafanya kazi vizuri kuliko mguu bandia? Baada ya hapo mwambieni daktari mgonjwa wenu anaishije. Mkata mkonge wa Korogwe, mvuvi wa Tongoni na mwanafunzi wa Ngamiani hawahitaji mguu wa aina moja.

Kutoa mfupa na kuweka kiungo cha chuma. Sehemu yenye ugonjwa pamoja na goti au nyonga hutolewa, na chuma chenye bawaba huwekwa badala yake. Mgonjwa hukanyaga mapema na goti hukunjika. Gharama yake ni kubwa, na upatikanaji wa kifaa huchelewesha. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hupata maambukizi kwenye chuma, na baada ya miaka wengi huhitaji kurudia kwa kuwa kimelegea au kimechakaa. Kwa mtu wa kubeba magunia, kupanda minazi au kusukuma mashua si chaguo la kwanza. Mtoto ambaye bado anakua mguu huo utabaki mfupi, isipokuwa awekewe chuma maalumu cha kurefushwa.

Kujaza pengo kwa mfupa. Mfupa mwembamba wa muundini huweza kuhamishwa ukiwa na mishipa yake ya damu. Au mfupa wenyewe wenye ugonjwa hutolewa, husafishwa, huuawa mbegu zake kwa mionzi au kwa kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, kisha hurudishwa mahali pake na kufungwa kwa vyuma. Ukishika ni wako maisha yote. Lakini huchukua miezi mingi bila kukanyaga, na kemo huchelewesha kushika.

Kugandisha goti. Goti lote hutolewa na mifupa ya juu na chini huunganishwa ikawa mmoja, mguu ukanyooka moja kwa moja. Una nguvu, unavumilia shamba na mashua. Mgonjwa hataweza kukaa kiti cha daladala bila kuunyoosha mguu, na ataswali kwenye kiti. Mzungumze haya kabla, siyo baada.

Kuzungusha mguu. Watu wengi hawajawahi kuusikia, nao kwa mtoto mwenye uvimbe juu ya goti ni upasuaji mzuri sana. Sehemu ya paja pamoja na goti hutolewa, mshipa mkuu wa fahamu ukaachwa. Mguu wa chini hupandishwa na kuzungushwa hadi kisigino kikatazama mbele, na kifundo cha mguu kikawa ndicho goti. Akivaa mguu bandia, mtoto hulikunja "goti" lake mwenyewe kwa misuli yake, hukimbia, hupanda baiskeli. Hauhitaji chuma cha kubadilishwa, na mfupa unaendelea kukua. Kikwazo ni macho ya watu: mguu uliogeuzwa unashtua. Ombeni kuonyeshwa picha au video za mtoto aliyefanyiwa, na mtoto mwenyewe azione. Nimeona wazazi waliokataa kwa maneno tu wakabadilika baada ya kumwona mtoto anayekimbia.

Kukata mguu. Hushauriwa uvimbe ukiwa umezingira mishipa mikuu, umepasua ngozi na kuoza, umekua licha ya kemo, au kinyama kiliharibu njia. Kuvunjika kwa mfupa peke yake si hukumu ya moja kwa moja, kuna waliovunjika wakaokolewa baada ya kemo. Uvimbe wa karibu na goti hukatiwa pajani. Wa unyayo au kifundo, chini ya goti. Kadiri paja linavyobaki refu ndivyo mguu bandia unavyoendeshwa kwa urahisi, lakini urefu usinunuliwe kwa kuacha ugonjwa.

Nasema kwa moyo wote: anayekatwa kwa wakati na kumaliza kemo yumo kwenye njia ya kupona. Anayesubiri miezi sita akitafuta atakayesema vingine, mara nyingi hukatwa hatimaye ili kupunguza maumivu na harufu tu. Ikiwa mna shaka, ombeni maoni ya daktari wa pili ndani ya wiki mbili, mkiwa na picha zenu. Hiyo ni haki yenu na haimuudhi daktari mwelewa.

Mkono. Hapa kaza zaidi upande wa kuokoa, kama mishipa ya fahamu iko huru. Hakuna mkono bandia unaoshika sindano au kufunga kifungo kama vidole vya mtu mwenyewe. Hata bega likibaki halinyanyuki, mtu mwenye kiganja kinachofanya kazi anaandika, anapika, anashona. Mifupa mingine haihitaji hata kujazwa ikitolewa: mtulinga, na ule mwembamba wa muundini, ingawa ukitolewa sehemu yake ya juu mshipa wa fahamu unaonyanyua sehemu ya mbele ya unyayo huweza kuathirika na mgonjwa akaburuza vidole.

## Hatua ya 8: Ridhaa, damu na kiungo chenyewe

Isomeni fomu ya ridhaa kabla ya kusaini. Iandikwe kiungo, upande wa kulia au kushoto, na aina ya upasuaji. Muulizeni daktari atafanya nini akikuta ugonjwa umeshika mshipa mkuu: atakata hapo hapo, au atafunga na kuzungumza nanyi? Jibu liandikwe.

Kijana wa miaka 14 aambiwe mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya siku hiyo. Kumwambia "unakwenda kusafishwa" halafu akazinduka kutoka nusukaputi hana mguu ni jeraha lisilopona.

Familia nyingi za hapa pwani hutaka kuuzika mguu uliokatwa. Semeni mapema kwa muuguzi mkuu. Lazima kwanza uende patholojia kupimwa kingo na kuhesabiwa ni kiasi gani cha ugonjwa kimekufa kwa kemo. Kikifika asilimia 90 au zaidi, ni dalili njema. Mkabidhiwe baada ya hapo.

Umefaulu ikiwa: ripoti ya patholojia inasema kingo hazina ugonjwa. Ombeni nakala, ibandikeni daftarini.

## Hatua ya 9: Wiki za kwanza

Kemo hurudi jeraha likishafunga, kawaida wiki mbili hadi tatu. Usiruhusu ichelewe kwa sababu ya kwenda kupumzika nyumbani kwanza.

Kwa aliyekatiwa pajani, usiweke mto chini ya kigutu. Kila mtu huuweka kwa huruma, na ndani ya wiki chache nyonga hukunjika isinyooke, mguu bandia ukakosa kumkaa. Alale kifudifudi nusu saa, mara tatu kwa siku. Bandeji ya kuvutika ifungwe kwa umbo la nane, ikibana zaidi mwishoni na kulegea kuelekea juu. Ikibana juu kuliko chini, kigutu huvimba kama balbu.

Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli. Mgonjwa anasema vidole vinaungua, na shangazi anamwambia anaota. Mwambieni daktari, kuna dawa kama amitriptilini na gabapentini. Mazoezi ya kutazama mguu mzima kwenye kioo huwasaidia baadhi, na mtaalamu wa fiziotherapia atawaonyesha.

Kwa aliyeokolewa mguu, hatari ni maambukizi. Usaha, joto, wekundu au kovu linalofunguka ni safari ya kurudi siku hiyo hiyo, si ya kusubiri tarehe ya kliniki. Kukunja goti au kutokanyaga ni kwa ratiba ya daktari wake, maana chuma na mfupa uliopandikizwa vina masharti tofauti.

## Hatua ya 10: Mguu bandia na kulinda mapafu

Kigutu kikishapona na kupungua uvimbe, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, hupimwa mguu bandia. Kemo inayoendelea hubadilisha ukubwa wa kigutu, hivyo wa kwanza huhitaji kurekebishwa. Dar es Salaam ulizia MOI na hospitali ya CCBRT. Moshi kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, jirani na KCMC. Mwambie fundi kama unatembea mchangani na kwenye maji ya bahari, kwa kuwa chumvi hula vyuma, naye achague vifaa vya kuvumilia. Mtoto atabadilishiwa karibu kila mwaka akikua, na mfupa wa kigutu chake huweza kuota ukasukuma ngozi na kuhitaji kupunguzwa.

Ratiba ya kliniki kwa kawaida ni kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kila miezi minne hadi sita mpaka mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Kila mara kifua kipigwe picha na kiungo kipimwe. Wanaoacha huacha kwa sababu mtoto "yuko vizuri", na mapafu hayaumi mapema.

Ikionekana punje mapafuni, usiseme yameisha. Punje chache zinazofikika huweza kutolewa na daktari wa upasuaji wa kifua, na wapo wanaopona baada ya hapo. Chukua picha ya sasa na zote zilizopita, uende nazo kwenye kitengo kile kile kilichomtibu, ndani ya wiki moja.